Tofauti ya Getini

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi Bi Gramu alipanda juu ya mzani wa getini na viatu vyake miguuni, akashusha pumzi, akasimama wima. Mlinzi alisogeza kidude cha mzani kulia, akakirudisha kidogo kushoto, akalamba ncha ya penseli, akaandika: kilo hamsini na mbili, gramu mia tatu.

"Umekunywa chai," alisema.

"Nimekunywa, tena ya sukari."

Mlinzi akaandika hilo nalo.

Kiwanda kile kilipima watu kabla ya kupima mali. Inasemekana zamani kulikuwa na mtu aliyejaza unga kwenye soksi, akavuka geti akitembea kama bata, na mpaka wanakuja kushtuka keshahama mji. Tangu hapo ikatoka kanuni: kila mfanyakazi apimwe akiingia, apimwe akitoka, na tofauti ielezwe. Mlinzi alikuwa na jedwali ndani ya kibanda chake, kalichora mwenyewe kwa rula. Kikombe cha chai, gramu mia mbili na hamsini. Sahani ya chakula cha mchana, gramu mia saba, au mia tano siku ambazo mpishi kaamka vibaya. Haja ndogo, toa gramu mia tatu. Haja kubwa, kwa makubaliano. Watu walishazoea. Ukikaa mahali miaka mingi, hata kuulizwa umekwenda chooni mara ngapi kunageuka salamu.

Bi Gramu alikuwa na jina lake la nyumbani, ila kiwandani hakuna aliyelihitaji. Alikuwa mpimaji. Kwa miaka kumi na moja alichota unga kwenye mapipa, akaumwaga kwenye mzani mdogo wa mezani, akaandika uzito, na hajawahi kuandika namba ya uongo hata kwa kiasi cha kucha. Waliojaribu kumshawishi walijuta. Alikuwa na macho makavu ya mtu anayesoma mshale wa mzani, na akikutazama nayo unajihisi umepungua.

Unga wenyewe ulikuwa wa madini ya chuma, wa rangi ya tofali lililoiva, laini kuliko poda ya mtoto mchanga. Kiganja kimoja kilitosha magunia kadhaa ya unga wa kula, na watu wasiojuana, huko mbali, wakaongeza damu. Ndiyo maana ulitunzwa. Stoo yake ilikuwa na kiyoyozi kilichonguruma usiku na mchana, na ukutani palikuwa na kanuni kwa herufi kubwa. Uwekwe mahali pakavu. Uwekwe juu ya paleti, usiguse sakafu wala ukuta. Kila chombo kifungwe kwa lakiri na kiwe na lebo. Usiachwe wazi hewani. Hakuna aliyethubutu kuzivunja. Mtunza stoo aliwahi kukoswakoswa kufukuzwa kazi kwa sababu pipa moja liliegemea ukuta.

Chumba cha kupimia kilikuwa ng'ambo ya korido. Hicho hakikuwa na kanuni, kwa sababu unga haukukaa humo. Humo walikaa watu.

Zamani kilikuwa na feni kubwa ukutani, ya kufyonza vumbi na kulipeleka kwenye mfuko wa kitambaa. Siku moja meneja aliufungua ule mfuko kwa udadisi tu, akaumwaga mezani, akamwambia Bi Gramu apime. Gramu mia mbili. Kesho yake, gramu mia mbili tena.

"Kumbe hii feni inakula mali ya kampuni," meneja alisema.

Akazima swichi, akang'oa fyuzi, akaitia mfukoni. Wafanyakazi wakaomba barakoa. Barakoa zilikuwapo, boksi mbili nzima kabatini, lakini zilikuwa za wageni. Basi kila mtu akajifunga alichokuwa nacho. Mchanganyaji, mwanamume mpole waliyemwita Baba Pacha, alijifunga nepi kuukuu ya mmoja wa watoto wake, hakusema ya yupi.

Meneja alitegemea upotevu ungekwisha. Haukwisha. Kila jioni stoo ilipungua gramu zilezile mia mbili, na sasa mfuko wa feni haukuwapo wa kulaumiwa. Meneja akasema kuna mwizi. Wiki hiyohiyo, mzani wa getini ukaanza kuona mambo.

Jioni ya kwanza Bi Gramu alitoka na gramu arobaini za ziada. Mlinzi alipiga hesabu mara mbili, akatoa chai, akatoa chakula, akarudisha haja. Gramu arobaini zikabaki palepale. Akaomba radhi, akamwita mpishi wa kike aje kumpekua. Wakatazama nywele, wakatazama pindo la gauni na soli za viatu.

"Fungua mdomo," alisema mpishi.

Akafungua. Ulimi ulikuwa mwekundu wa tofali hadi kooni.

"Umekula pipi?"

"Pipi nani anipe?"

Mlinzi akaandika: tofauti gramu arobaini, haijaelezwa. Kesho yake zilikuwa sitini. Mwezi wa pili zikafika mia mbili kwa siku, na baada ya hapo unga uliokwisha kuingia ukawa kama unaita wenzake, maana mlinzi aliacha gramu, akawa anaandika kilo. Wengine nao waliongezeka, ila kidogo. Baba Pacha alifika kilo mia moja na kumi, na viatu vyake vikapasuka ubavuni. Bi Gramu alisimama mdomoni mwa pipa siku nzima, kwa hiyo alipata zaidi. Mwaka ulipokwisha alikuwa na kilo mia moja na themanini, na gauni lake la kazini lilikuwa likimpwaya mabegani.

Yeye mwenyewe hakuusikia uzito ule. Ulisikiwa na vitu. Nyumbani alikaa na kaka yake mkubwa, fundi seremala, na kitu cha kwanza kuusikia kilikuwa kigoda cha jikoni. Kilivunjika miguu yote mitatu kwa mpigo. Kaka alikiokota, akakigeuzageuza, akakasirika kwa sababu alikitengeneza mwenyewe.

"Kigoda changu hakivunjiki hivihivi. Umekula nini?"

"Nilichokula ni ulichokula wewe."

"Mbona mimi sivunji vitu?"

Kikafuata kitanda. Kaka akakiwekea mihimili ya paa. Ikafuata sakafu ya varanda, na hapo fundi akaacha kulalamika, akaanza kumtumia. Akishagundisha mbao, alimwita mdogo wake aje akalie gundi ishike, na zile mbao zilishikana zikawa kitu kimoja. "Wenzako wananenepa bure," alimwambia, "wewe una faida. Kaa hapo, usitikisike, nikuletee chai." Bi Gramu alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha. Kaka aliona kitambaa alichokuwa amekishika mdomoni.

"Hiyo si damu hiyo?"

"Afadhali ingekuwa damu, ingekuwa yangu," alisema. "Hii ni ya kampuni."

Tangu siku hiyo kaka hakutania tena habari za gundi.

Mwaka wa pili ulipokwisha, jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, la kwanza kabisa, chini ya maneno ORODHA YA WENYE TOFAUTI. Alisimama mbele ya ubao uso ukimwaka. Miaka kumi na tatu sasa, hata punje ya chumvi ya jikoni kwao hajawahi kuigusa, na leo watu wanapita nyuma yake wakisoma jina lake kwa sauti ya chini. Aliona aibu, kisha akakasirika kwa sababu ameona aibu ambayo si yake. Kabla hajamaliza kukasirika akaitwa ofisini.

"Kaa," meneja alisema.

"Kiti chako kizuri, meneja. Wacha nisimame."

Meneja akamsogezea karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri. *Mimi niliyetia saini hapa chini nakiri kwamba nimetoka na unga wa kampuni mwilini mwangu bila idhini.* Pakafuata nafasi ya jina, nafasi ya kilo, nafasi ya saini.

"Wenzako wote wamesaini," meneja alisema. "Baba Pacha kasaini mara mbili, ya pili ya nakala. Hatumfukuzi mtu, hatumshtaki mtu. Saini tu, umesamehewa, kesho uko kazini kama kawaida."

"Nisamehewe kwa lipi?"

"Soma hapo juu."

"Nimesoma. Mimi sikutoka na unga. Unga ndio ulioingia. Andika nimevuta, nitasaini sasa hivi."

Meneja akajipapasa mfuko wa shati, pale alipozoea kuweka vitu vidogo. Hakuwa mtu wa kelele. Alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. "Nikiandika umevuta, wataniuliza ulivuta vipi. Wakiuliza ulivuta vipi, wataingia chumbani. Wakiingia chumbani, wataona feni."

"Ndiyo."

"Basi unaliona tatizo."

"Naliona tangu mwaka juzi."

"Bi Gramu. Sikio halipiti kichwa."

"Halipiti," alisema, "lakini linasikia. Na langu limesikia ukiniita mwizi. Sisaini."

Meneja akamwambia basi ajue kwamba kuanzia leo kuna kanuni mpya: mwenye tofauti isiyoelezwa hatoki getini mpaka asaini. Bi Gramu akasema kanuni ni kanuni, akatoka. Kigae cha mlangoni kikapasuka alipokikanyaga, naye hakugeuka kukitazama.

Baba Pacha alikuwa akimngoja koridoni, nepi ikining'inia shingoni. "Saini, dada yangu. Unadhani mimi nilipenda? Nina watoto wawili wa umri mmoja, wakilia wanalia pamoja. Mnyonge hana haki."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ndivyo tulivyofundishwa," alisema Bi Gramu. "Ninyi mmenyongwa, haki hamkupewa, na bado mmesema asante kwa kamba."

Yalikuwa maneno makali na alijua hivyo. Baba Pacha alitazama viatu vyake vilivyopasuka.

Getini mlinzi alifanya kazi yake kwa huzuni. Mzani uliishia mia mbili, kwa hiyo alimpima mguu mmoja mmoja, akajumlisha. Kilo mia tatu sitini na tatu na gramu mia tatu. Akatoa hamsini na mbili na gramu mia tatu, uzito wake wa kabla feni haijazimwa.

"Tofauti kilo mia tatu kumi na moja. Imeelezwa?"

"Nimevuta, mzee wangu."

"Nakuamini. Lakini hiyo sina safu yake." Alimwonyesha daftari, safu zote zimepigwa mstari kwa rula. "Huwezi kutoka, Bi Gramu. Nisamehe."

"Wewe huna kosa."

Akakaa chini palepale, kando ya kibanda. Angeweza kuandika jina lake kwa muda wa kupiga chafya mbili na kwenda kula kwa kaka yake, na kila aliyepita pale alimkumbusha hivyo. Jioni ikaanza kuleta umande. Hapo ndipo mtunza stoo alipokuja mbio, akiwa ameshika kanuni zake mkononi, akamwambia meneja kwamba kilo mia tatu kumi na moja za mali ya kampuni ziko nje, chini, kwenye unyevu, na ukaguzi uko mwezi huuhuu. Meneja alitazama anga. Akasema zipelekwe stoo.

Bi Gramu alikwenda mwenyewe kwa miguu yake. Walimweka juu ya paleti, paleti ikawa vijiti. Wakamweka juu ya mbili, zikawa vijiti zaidi. Hakuruhusiwa kugusa sakafu, kwa hiyo asubuhi wakamtuma mtu kwa fundi seremala aliye karibu, aje atengeneze paleti imara. Fundi seremala aliye karibu alikuwa kaka yake.

Alikuja na futi yake na penseli sikioni, akamkuta mdogo wake amesimama juu ya rundo la mbao zilizovunjika, lebo ya karatasi mkononi. Lebo ilikuwa na jina la kiambato, uzito halisi na tarehe. Mtunza stoo alikuwa amehangaika na lakiri. Alifika asubuhi ile na gundi ya karatasi kwa nia ya kuziba mdomo, kwa kuwa kanuni yasema chombo kifungwe, lakini alipotazamwa na yale macho makavu akabadili mawazo, akaifunga lakiri kwenye kidole gumba.

Kaka alipima urefu na upana. Kisha akasema chini chini, "Saini tu, mdogo wangu. Turudi nyumbani. Karatasi haina meno."

"Hii inayo."

"Watakuita mkaidi."

"Heri waniite mkaidi kuliko mwizi. Mkaidi ni tabia yangu, hata mama alijua. Mwizi si mimi. Kaka, nikisaini, yatakuwa kweli. Karatasi ikishasema, mimi nikisema tofauti nitakuwa mwongo pia."

Kaka aliinama akapima tena mahali alipokwisha kupima. Mchana akaleta paleti ya mbao ngumu, tabaka nne, misumari ya inchi sita. Upande mmoja aliongeza mbao tatu za kusimama, zimelazwa kidogo nyuma, zimepigwa msasa vizuri. Hazikuwa kwenye mchoro.

"Hizi za nini?" meneja aliuliza.

"Za kuzuia mzigo usiguse ukuta."

Meneja alisoma kanuni ukutani, akaona ni sawa. Bi Gramu akakaa, akaegemea.

Alikaa siku kumi na moja. Chakula kilikatazwa mle ndani, kwa hiyo saa saba mchana alikwenda kula getini na kaka yake, akarudi, akapimwa unyevu, akapanda juu ya paleti. Hewa ya stoo ilikuwa baridi na safi. Siku ya tatu kikohozi kilipungua. Siku ya tano alilala bila kukohoa hata mara moja, akaamka amejaa hasira kuliko siku zote za vumbi. Kumbe walikuwa wanajua. Miaka yote ile walijua kabisa jinsi ya kutunza kitu kisiharibike.

Kupitia kioo cha mlango aliona ng'ambo ya korido. Mahali pake palikuwa na mpimaji mpya, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa cha jikoni, akichota unga huku amegeuza uso. "Funga mara mbili!" Bi Gramu alimpigia kelele. "Na usichote ukiwa umeinama!" Mpimaji mpya alipunga mkono. Hakusikia, kiyoyozi kilikuwa kinanguruma.

Siku ya kumi na moja alikuja mkaguzi. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye fomu nyingi kwenye ubao wa kuandikia. Meneja alimpa barakoa ya wageni, akajivika na yeye moja, wakaingia stoo. Mkaguzi aligonga mapipa, akasoma lebo, akachomeka kifaa chake cha unyevu huku na huku, akawa anaweka alama ya vema. Alifurahi. Alisema ni nadra kuona unga ukitunzwa namna hii. Akafika kwenye paleti ya kona.

"Na huu?"

"Kilo mia tatu kumi na moja," meneja alisema.

Mkaguzi akagusa lakiri kwenye kidole gumba, akaona haijakatwa. Akaweka kifaa chake juu ya mkono wa Bi Gramu, kikaonyesha ukavu unaofaa.

"Shikamoo," alisema Bi Gramu.

"Marahaba, mama."

"Naomba uandike nimevuta."

"Ningependa kukusaidia, mama. Lakini fomu hii ni ya unga. Ya watu ina ofisi yake."

"Iko wapi?"

Mkaguzi akafikiri. "Iliunganishwa na hii."

"Basi niulize kama unga."

Mkaguzi aliona hoja hiyo haina kasoro. Akageuza ukurasa mpya, akaanza juu. Rangi? Tofali. Uzito halisi? Akanakili kutoka kwenye lebo. Aina ya chombo? "Ngozi," alisema Bi Gramu, "nzima, isipokuwa kiwiko nilichojigonga jikoni mwaka jana." Mkaguzi akaandika mkwaruzo mdogo. Akafika katikati ya ukurasa.

"Njia uliyopokelewa kutoka chumba cha kupimia?"

Meneja akakohoa ndani ya barakoa. "Hapo andika njia za kawaida."

"Njia za kawaida ni toroli," alisema mkaguzi. "Namuuliza mzigo."

"Kwa kuvutwa," alisema Bi Gramu, polepole, kwa sauti ileile aliyotumia kutaja gramu. "Kwa pua na mdomo. Feni ikiwa imezimwa. Miaka miwili."

Mkaguzi aliandika yote, kwa mwandiko mzuri. Akamgeuzia meneja ubao ili asaini kama mwenye mali. Meneja akasoma. Akasoma tena. Akauliza itakuwaje ikiwa mwenye mali ataona bora asisaini. Mkaguzi akamwambia kwamba mzigo usiojulikana ulivyopokelewa hufanya stoo nzima ifungwe siku thelathini. Halikuwa tishio, alisema, ni maelezo tu yaliyo nyuma ya fomu.

Kiyoyozi kilinguruma. Bi Gramu alitazama kalamu mkononi mwa meneja ikienda chini, ikisimama, ikienda tena. Alisikia raha. Alisikia raha isiyo na adabu hata kidogo, ikampanda kutoka tumboni, na hakujizuia kutabasamu. Meneja akasaini.

"Na nakala yangu," alisema Bi Gramu.

Getini mlinzi aliisoma ile nakala kwa kidole, neno kwa neno. Akatoa rula yake, akapiga mstari mpya kwenye daftari, safu nzima, na juu yake akaandika *Kwa kuvutwa*. Aliyakoleza maneno mara mbili kwa penseli, kwa sababu alikuwa mzee na kwa sababu alifurahi. "Tofauti imeelezwa," alisema. "Pita, Bi Gramu." Akapita. Lami ilikuwa laini kwa jua la mchana, nyayo zake zikabaki juu yake hadi kwa kaka, na watu wa barabarani wakawa wanazikwepa kwa baiskeli.

Asubuhi yake alirudi kazini kwa wakati, kwa kuwa hakuna aliyemfukuza na sababu ya kumfukuza haikuwapo tena kwa maandishi. Aliwakuta wenzake wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Orodha ya wenye tofauti ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na tangazo jipya lenye muhuri. NI MARUFUKU KUVUTA UNGA WA KAMPUNI. KILA MFANYAKAZI ASAINI HAPA CHINI KWAMBA HATAVUTA. Wengi walikwisha kusaini. Mpimaji mpya alikuwa ameshika kalamu, akitafuta nafasi.

Bi Gramu alichungulia chumba cha kupimia. Mapipa yalikuwa wazi, vumbi limening'inia hewani, jekundu, na feni ukutani imesimama na utando wa buibui. Alirudi akasoma tangazo mara ya pili ili asije akamsingizia mtu. Kisha akaenda akakaa chini, katikati ya mlango wa chumba cha kupimia, akanyoosha miguu, akaegemea mwimo. Mlango ule haukupitika tena, hata kwa toroli, hata kwa mtu mwembamba aliyejikunja ubavu.

Meneja akaja.

"Unazuia kazi."

"Sizuii. Napumua."

"Ondoka mlangoni."

"Napumua tu, meneja. Hapa kuna hewa kidogo. Au na kupumua nako mmekupiga marufuku?"

Meneja hakumgusa. Alijua hakuna mikono ya kutosha mjini. Akafikiri, akaita mwashi, akamwonyesha ukuta wa upande wa pili, na saa nne mlango mpya ulikuwa umetobolewa, matofali yamepangwa vizuri kando. Mpimaji mpya akapitia huko na kitambaa chake cha jikoni. Feni hakuna aliyeitaja.

Bi Gramu alisikia nyundo zikinyamaza. Akainuka, akajipangusa, akaanza kuzunguka jengo kuelekea mlango mpya, na alipotazama nyuma kabla ya kona akaona mlango wa kwanza umekwisha kupata mtu. Baba Pacha alikuwa ameketi pale, kilo mia moja na kumi, nepi ameivua na kuikunja mapajani, jasho likimtoka kwa woga.

"Upande huu unabaki wazi kidogo," alisema Baba Pacha. "Mimi si mzito kama wewe."

"Tanua magoti," alisema Bi Gramu. "Na usimtazame meneja usoni akija."

Akaenda akaketi kwenye mlango mpya. Ndani, mpimaji alikuwa ameacha kuchota, amesimama na kijiko mkononi, anamtazama. Nje, meneja alikuwa tayari yuko kwenye ukuta wa tatu na mwashi, wakipima.